Mkono Ndani ya Saketi

Betri ya volti 9, chipu moja ya bei ndogo, rezista, kapasita na spika yenye amplifaya: vitu hivi vikiunganishwa vizuri hulia mara tu waya wa mwisho unapogusa mahali pake. Kulia peke yake si kazi kubwa. King'ora cha gari hulia usiku kucha na hakuna anayekiita ala ya muziki. Saketi huanza kuwa ala pale mjenzi anapoamua mkono wa mpigaji uingie wapi: kwenye rezista, kwenye kapasita, kwenye koili, au ngozi ya kidole yenyewe iwe njia ya umeme. Ala nyingi za kielektroniki zinazojengwa nyumbani, tangu miaka ya 1920 hadi leo, zinaweza kupangwa kwa kufuata jibu la swali hilo.

Chipu inayopendwa na wanaoanza imeandikwa 40106 mgongoni. Ina miguu 14, saba kila upande. Ikilazwa kishimo chake kikiwa kushoto, mguu wa kwanza uko chini kushoto. Hesabu huenda kulia hadi wa saba, hupanda upande wa juu, kisha hurudi kushoto hadi wa 14. Mguu wa 14 hupokea chanya ya betri na wa 7 hupokea hasi. Anayevigeuza hivyo viwili huiua chipu papo hapo, tena bila moshi wa kumwonya. Miguu 12 iliyobaki ni ya vigeuzi sita, kila kimoja na mlango wa kuingilia umeme na wa kutokea. Kazi ya kigeuzi ni ubishi mtupu: kikipewa umeme wa juu hutoa wa chini, kikipewa wa chini hutoa wa juu.

Sauti hutokana na kuugonganisha ubishi huo na wenyewe. Rezista huwekwa kati ya mlango wa kutokea na wa kuingilia, yaani mguu wa 2 na wa 1, na kapasita huwekwa kati ya mguu wa 1 na hasi. Mwanzoni kapasita ni tupu, mlango wa kuingilia uko chini, kwa hiyo wa kutokea uko juu. Umeme wa juu hupita kwenye rezista na kuanza kuijaza kapasita, kama pipa chini ya bomba linalotiririka. Kapasita ikijaa kiasi fulani kigeuzi hugeuka, mlango wa kutokea hushuka, na kapasita huanza kumwaga kupitia rezista ileile. Ikipungua kiasi fulani kigeuzi hugeuka tena. Mchezo huo hauna mwisho mpaka betri iishe.

Siri ni kwamba mipaka ya kugeukia iko miwili. Kwa betri ya volti 9, mpaka wa juu huwa volti 5 na ushei na wa chini karibu volti 3 na nusu, ingawa chipu za viwanda tofauti hazilingani. Mpaka ungekuwa mmoja tu, kigeuzi kingeganda au kuyumbayumba katikati bila kupiga hatua kamili. Saketi ya mipaka miwili ilibuniwa mwaka 1934 na Mmarekani Otto Schmitt, akiwa mwanafunzi anayechunguza jinsi ishara zinavyosafiri katika neva za ngisi. Neva nayo haitoi ishara nusunusu: hukaa kimya hadi ivuke kiwango, kisha hufyatuka.

Kasi ya mchezo huo hutegemea ukubwa wa rezista na wa kapasita. Rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 hutoa mitetemo 100 na kitu kwa sekunde, sauti nene ya kukoroma. Rezista ikipunguzwa nusu, mitetemo huongezeka maradufu na sauti hupanda oktavu moja kamili. Kapasita ikibadilishwa kuwa ya maikrofaradi 10, mtetemo huwa mmoja hivi kwa sekunde, na spika badala ya kuimba hugonga: ta, ta, ta. Hapo msikilizaji hupata kwa sikio lake jambo ambalo vitabu hulieleza kwa michoro, kwamba nota na pigo la ngoma ni kitu kimoja kwa kasi tofauti. Mpaka wake uko karibu na mitetemo 20 kwa sekunde; chini ya hapo sikio huhesabu mapigo, juu ya hapo husikia sauti moja.

Kwa kuwa vigeuzi viko sita, chipu moja huweza kutoa sauti sita kwa pamoja. Kinachopiga polepole kikiunganishwa na cha haraka kwa dayodi, cha polepole hukizima na kukiwasha kile cha haraka, na mdundo huzaliwa bila programu wala kompyuta. Milango ya kuingilia isiyotumika huunganishwa na hasi. Ikiachwa wazi hunasa mawimbi yote yanayopita hewani, na chipu nzima huanza kutoa mikwaruzo isiyo na mpangilio.

Mahali rahisi pa kuingizia mkono ni rezista. Kitasa kilekile ambacho mafundi redio hukiita volyumu ni rezista inayobadilika, na kikiwekwa mahali pa rezista ya 40106 huwa kitasa cha kupandisha na kushusha sauti. Rezista ya mwanga hufanya kazi hiyohiyo bila kuguswa: gizani ukinzani wake hufika mamilioni ya omu, kwenye jua hushuka hadi mamia au maelfu machache. Kiganja kikipita juu yake sauti hushuka, kikiondoka hupanda, na kivuli cha mtu anayepita mlangoni huwa nota. Ala ya namna hiyo haitabiriki sana, na wengi huipenda kwa sababu hiyohiyo.

Ngozi ni rezista pia. Ikiwa kavu huzuia umeme kwa mamia ya maelfu ya omu au zaidi. Ikiwa na jasho, au kidole kikibonyezwa kwa nguvu, ukinzani hushuka sana. Mholanzi Michel Waisvisz aliijenga ala nzima juu ya jambo hilo katika miaka ya 1970, akiwa na taasisi ya STEIM mjini Amsterdam. Ala hiyo, Kraakdoos, ni kisanduku kidogo chenye betri, spika na vibamba vya chuma vya kugusa. Vidole vikiwa juu ya vibamba, mwili wa mpigaji huziba pengo la saketi, na sauti hunguruma, hulia na kukohoa kulingana na unyevu na mkandamizo. Watu wawili hawapati sauti moja kutoka kisanduku kimoja.

Anayetaka kulijaribu hilo bila kununua kitu anaweza kutumia redio ya mawimbi ya kati inayokula betri. Mmarekani Nicolas Collins, aliyetoa mwaka 2006 kitabu cha mafunzo ya ufundi huu kiitwacho Handmade Electronic Music, huwaanzisha wanafunzi kwa zoezi la aina hii. Kifuniko hufunguliwa kwa bisibisi, redio huwashwa, na vidole vilivyoloweshwa kidogo huwekwa upande wa bodi wenye matone ya risasi ya kulehemu. Sehemu nyingi hazijibu. Kisha vidole viwili hufika mahali fulani na redio hupiga mluzi mkali. Kilichotokea ni kwamba ngozi imerudisha sehemu ya sauti iliyokuzwa hadi mwanzo wa njia, ikakuzwa tena na tena, na kikuza sauti kikawa chanzo cha sauti. Kidole kikisogezwa milimita moja mluzi hubadilika. Sharti ni moja na halina msamaha: redio iwe ya betri tu, wala isiwe na waya wowote unaokwenda ukutani.

Mkono unaweza pia kuingilia kapasita, na hapo hauhitaji kugusa chochote. Kapasita si kitu ila vipande viwili vya kupitisha umeme vilivyotenganishwa na kisichopitisha. Kiganja cha mtu na fimbo ya chuma, hewa ikiwa katikati, ni kapasita ndogo mno. Mwanafizikia wa Urusi Lev Termen aliigeuza kanuni hiyo kuwa ala mnamo mwaka 1920, akiwa Petrograd kwenye kazi ya vifaa vya kupimia gesi, na mwaka 1922 akamwonyesha Lenin. Ala yake, theremini, ina vyanzo viwili vya mitetemo ya kasi isiyosikika. Kimoja hukaa palepale, tuseme 170,000 kwa sekunde. Cha pili kimeunganishwa na fimbo, na mkono unapoikaribia hushuka kidogo, tuseme kikafika 169,560. Vikichanganywa, sikio hupata tofauti yake tu: 440, nota ya A ambayo ala nyingi hupimiwa. Ujanja uko hapo. Mkono hubadilisha kapasita kwa kiasi kidogo mno, lakini badiliko dogo la namba kubwa linatosha kuzaa oktavu kadhaa za sauti inayosikika. Mkono wa pili, karibu na kipete cha waya upande wa kushoto, huongoza ukubwa wa sauti.

Kampuni ya RCA ya Marekani ilitengeneza theremini chache za kuuza mwaka 1929 na haikufika mbali, kwa kuwa ala isiyo na vibonyezo wala nyuzi ni ngumu kuipiga kwa usahihi. Ilibaki hai zaidi mikononi mwa wajenzi wa nyumbani. Mmoja wao alikuwa Robert Moog wa New York, aliyechapisha mwaka 1954 makala ya jinsi ya kuijenga, akiwa na miaka 19, kisha akaanza na baba yake kuuza vifaa vya theremini ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe. Sintesaiza iliyolipa jina lake umaarufu baada ya mwaka 1964 ilitoka katika karakana ya mtu aliyejifunza kwa kulehemu theremini za wenzake.

Njia ya tatu ni koili, na hapa mfano ulio bora hautoki New York wala Amsterdam. Unatoka Kinshasa. Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa mpigaji wa likembe, ala ya ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Ni ya ukoo mmoja na ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Sauti yake ni laini, inafaa kibarazani. Mtaani Kinshasa, katikati ya magari na watu, haisikiki hatua kumi. Katika miaka ya 1960 Mingiedi alianza kuitia likembe umeme, na kundi lake, Konono Nº1, likawa na likembe tatu, ya besi, ya kati na ya juu, zote zikipita kwenye vinasa sauti vya kujitengenezea vilivyotumia sumaku zilizopatikana katika vipuri vya magari yaliyochakaa. Sauti ilitokea kwenye spika za pembe zile za kutangazia hadharani.

Inafaa kueleza kwa nini sumaku ya gari inafaa. Ulimi wa likembe ni wa chuma. Ukitetemeka karibu na sumaku, huuvuruga uga wa sumaku kwa kasi ya mtetemo wake. Waya mwembamba wa shaba ukizungushwa kuizunguka sumaku hiyo, kila mvurugo huzaa umeme kidogo ndani ya waya, na umeme huo una umbo la sauti yenyewe. Gitaa la umeme hutumia kanuni hiyohiyo, na si ajabu kukuta mizunguko 7,000 au 8,000 ya waya katika kinasa chake kimoja. Kwa marimba ya mbao mbinu hii haifai kitu, maana mbao haziivurugi sumaku. Huko hutumika kisahani cha piezo, kile cha shaba nyeupe kinachopatikana ndani ya saa za kengele na midoli ya kulia, ambacho hutoa umeme kikitikiswa. Hulehemiwa waya mbili na kubandikwa kwenye ala.

Amplifaya zilizosukumwa kupita uwezo wake ziliongeza mkwaruzo ambao Mingiedi hakuukusudia. Kundi halikuuondoa. Liliuingiza katika upigaji wake, likaacha sauti ya chuma ipasuke na kuvuma juu ya ngoma na vyuma chakavu vya kugonga. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu ya Congotronics, na mashabiki wa muziki wa kielektroniki wa Ulaya wakaipokea kwa hamu. Wajenzi wengi wa leo wangefanya vyema kuanzia hapo kuliko kwenye katalogi za vipuri. Tatizo la kusikika lilikuja kwanza, chombo kikafuata, na hakikuchaguliwa kipuri chochote kisichopatikana mtaani.

Saketi ikishalia huhitaji kukuzwa. Mguu wa 40106 hutoa umeme mdogo usioweza kusukuma spika ipasavyo. Chipu ya LM386, yenye miguu minane, ndiyo jibu la kawaida: hukuza mara 20, na kapasita ya maikrofaradi 10 ikiwekwa kati ya mguu wake wa 1 na wa 8 hukuza mara 200. Nguvu yake haifiki wati moja, inatosha mezani. Lakini volti za 40106 ni kubwa mno kwa mlango wa amplifaya yoyote, kwa hiyo hupunguzwa kwanza kwa kitasa au rezista mbili, na jaribio la kwanza halifanywi na spika za masikioni. Mawimbi ya mraba yanayotoka kwenye chipu hii ni makali, na sikio halibadilishwi kama kapasita. Umeme wa ukutani, volti 230 au 240, hauna nafasi kabisa kwenye meza ya kazi hii. Hata amplifaya kuukuu iliyochomolewa huweza kubaki na chaji ya hatari ndani ya kapasita zake kubwa.

Si lazima saketi ijengwe upya. Karibu mwaka 1967 kijana wa Cincinnati, Reed Ghazala, aliacha kiamplifaya kidogo cha betri kimefunguliwa ndani ya droo ya meza. Saketi yake ikagusa kipande cha chuma, ikaanza kulia sauti ambazo hakuwahi kuzisikia. Aliitumia miaka iliyofuata kuugeuza mgongano huo kuwa mbinu. Mdoli unaoongea au kinanda cha mtoto, cha betri, hufunguliwa. Waya wenye vibanio ncha zote mbili hugusishwa nukta moja, kisha nyingine, wakati mdoli unaendelea kuongea. Sauti ya kuvutia ikitokea, nukta mbili huwekewa alama ya kalamu na baadaye hulehemiwa swichi. Mara nyingi hupatikana pia rezista moja inayoongoza saa ya chipu. Ikitolewa na kuwekwa kitasa mahali pake, mdoli huongea kwa sauti ya jitu au ya nzi, kwa kanuni ileile ya 40106. Midoli mingine hufa katika kazi hii, na ndiyo maana hununuliwa ya mitumba.

Kinachowasumbua wajenzi wengi baadaye ni kupata nota zilizo sawa. Kitasa cha megaomu moja kwenye 40106 hutumia nusu nzima ya mzunguko wake kwa oktavu ya kwanza, robo kwa ya pili, thumni kwa ya tatu. Kufika juu, upana wa unywele unatenganisha nota na nota. Jibu rahisi ni kukiacha kitasa na kuweka safu ya rezista, kila nota na rezista yake. Stylophone ya Uingereza, iliyobuniwa na Brian Jarvis na kuingia sokoni mwaka 1968, ni hiyo tu: kalamu ya chuma inayoguswa kwenye vibamba, kila kibamba na rezista yake. Moog alichukua njia ndefu. Katika sintesaiza zake kila volti moja inayoongezwa hupandisha sauti oktavu moja, popote ilipo, na ala tofauti zikaweza kuamrishana kwa waya. Gharama yake ni saketi ya transista zinazobadilika na joto, na ala za mwanzo za aina hiyo zilihitaji kupimiwa upya jukwaa lilipopata moto.

Tangu bodi ya Arduino ilipotoka Ivrea, Italia, mwaka 2005, sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanywa kwa programu. Kitasa, rezista ya mwanga au kibamba cha kugusa huunganishwa na bodi, umeme wake hugeuzwa namba, na namba huamua nota. Usahihi huja bure. Kinachopotea ni ulaini wa mkono. Bodi ya kawaida ya Arduino husoma kitasa kwa namba kuanzia 0 hadi 1,023 tu, na namba hizo zikitandazwa juu ya oktavu tano, kila nusu-nota hupata hatua 17 hivi. Sikio zuri huzisikia hatua hizo kitasa kinapozungushwa polepole. Wastani wa namba kadhaa ukichukuliwa hatua hulainika, lakini sauti huanza kuchelewa nyuma ya mkono. Kwa hiyo wapo wanaoiachia bodi kazi ya mdundo, ambako kuhesabu ndiko kunakotakiwa, na nota yenyewe huiacha kwenye chipu, rezista na kapasita.